Nani Atafua Nguo za Saturnina

Arequipa, 12 Mei 1974

Dada Saturnina,

Shikamoo. Natumaini barua itakukuta mzima. Mimi sijambo, ila nina kisukari, na ndicho kimekuwa mwenzangu tangu mume wangu afariki.

Nakuandikia kukuarifu jambo dogo. Akina mama wa parokia yetu wamepanga safari ya siku nne huko kwetu. Tutapanda treni mpaka Cusco, halafu siku mbili tutembezwe kwenye magofu ya Wainka, tukiwa na mwongozaji wetu. Binti yangu Nélida ameniandikisha bila kuniuliza. Ratiba inasema Alhamisi tarehe 20 Juni asubuhi tutakuwa Pisac, tupande mpaka kwenye Jiwe la Jua, kisha twende Ollantaytambo. Pisac tumepewa saa mbili.

Sitaweza kufika nyumbani. Lakini mchuuzi mmoja wa sufu aliniambia bado unauza mahindi kwenye njia ya magofu, kwa hiyo ukiwepo tutaonana. Nitavaa koti la kahawia.

Mdogo wako,
Basilia Ccopa


Pisac, Jumapili 26 Mei 1974

Mdogo wangu Basilia,

Marahaba. Barua yako nimeipata. Ilichelewa siku tano kwa sababu kasisi aliipeleka kwa yule Saturnina mwingine, mwenye jicho moja, na yule naye akakaa nayo kwa raha zake kwani hajawahi kupata barua maishani. Mpaka watoto wake walipomsomea habari za kisukari ndipo akasema, huyu simjui.

Anayeandika hapa ni Bibi Herminia wa tanuri la mkate. Unamkumbuka, alikuwa binti mwenye meno ya mbele. Sasa hana hata hayo. Anasema nisiandikishe maneno kama hayo. Andika, Bibi, mdogo wangu lazima akujue. Anasema pia nifanye haraka, ana mikate ndani. Sasa mtu hajasema na ndugu yake miaka thelathini na tisa, atasemaje haraka?

Mimi nipo. Goti la kulia halikunjiki tangu lile lama jeupe la kubeba mizigo liniangushe kwenye matuta, na hilo lama lenyewe lilikufa wiki ileile, sijui lilikuwa linanionea nini. Nikishaketi asubuhi, mpaka jioni apatikane mtu wa kuniinua. Kikohozi kimeanza Pasaka. Toribio wangu alifariki, huu mwaka wa sita. Simbilisi ninao kumi na mmoja, na dume mmoja mkorofi anayeuma.

Hizo saa mbili zenu nazijua zinavyokwisha, maana kila siku naziona zikinipita. Basi litawashusha juu. Mwongozaji ataanza na matuta, aseme yalijengwa na watu elfu kadhaa wa kadhaa, kila mmoja ana idadi yake. Atawaambia mvute pumzi. Mtapita kwenye tundu la mwamba mkiinama, wanene watacheka. Halafu Jiwe la Jua. Pale watu wa mjini wanaliwekea viganja kama mtu anayeota moto. Sijui wanachopata. Mmoja mwaka jana alisema mbele yangu kwamba ule mfereji wa maji ulikauka zamani za Inka. Ulikauka lini? Toribio aliuzibua kila Agosti mpaka mwaka aliokufa, na maji yake ndiyo nachemshia mahindi. Kisha wataonyeshwa yale matundu ng'ambo ya korongo, makaburi, waambiwe yameibiwa vitu. Hawaambiwi ni ya babu za nani. Mimi nakaa kona ya chini yake, mwisho wa ngazi, ambapo upepo umepungua.

Sasa neno lenyewe. Bibi Herminia, weka ukuni mmoja tena, hili ni refu.

Basilia, nina miaka sabini na moja. Watoto nilizaa wawili na nikazika wawili. Nikifa, kuzikwa nitazikwa, jumuiya haiwezi kuniacha juu ya meza. Lakini siku ya nane nani atabeba nguo zangu mtoni? Wewe umekulia hapa, unajua. Maiti asiyefuliwa nguo haondoki, anazungukazunguka nyumba, anaharibu maziwa. Wapwa wa Toribio wote wameokoka. Hawanywi, hawatafuni majani ya koka, na kufua nguo za marehemu wanasema ni ushetani. Yule mkubwa, Eleuterio, alinijibu usoni, "Shangazi, wewe utafuliwa kwa damu ya Mwanakondoo." Nikamwambia hiyo ni ya roho, mimi nakuuliza habari za sketi.

Wa damu nimebaki na wewe. Sikuiti uje kuishi, nyumba yenyewe inavuja. Nataka neno moja tu, kwamba ukisikia nimekufa utapanda treni, au hutapanda. Ukipita hiyo Alhamisi utaniambia kwa mdomo wako. Nitakupikia pombe ya mahindi, ifike siku ya tatu ikiwa na povu.

Mikate imeiva.

Dada yako Saturnina Ccopa, kwa alama ya kidole


Arequipa, 7 Juni 1974

Dada Saturnina,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma.

Unanizungumzia kufua. Mama alipofariki ulifua nguo zake bila mimi. Msiba uliupata Machi, mimi nikausikia Februari ya mwaka uliofuata, sokoni, kwa mtu aliyekuja kunipa pole akidhani najua. Sikulaumu, nasema tu ilivyokuwa. Aliyeweza kufua bila mimi wakati ule anaweza kufuliwa bila mimi sasa.

Tarehe 20 tutaonana, tutaongea. Usijisumbue kwa pombe.

Basilia


Pisac, Jumapili 23 Juni 1974

Basilia,

Bibi Herminia anaandika tena. Leo mikate imeungua upande mmoja, kwa hiyo nafasi anayo, ila raha hana.

Nakueleza Alhamisi ilivyokuwa kwa upande wangu, usije ukasema sikuona. Nilishuka alfajiri na mtungi wa pombe mgongoni na vikombe viwili vya mbao vya baba. Ulisema nisijisumbue, lakini mtu akisema hivyo ndiyo kwanza unajisumbua. Mahindi niliyachemsha yakawa laini sana, kwani sikujua umebakiwa na meno mangapi. Watalii wengine wawili walikataa kuyanunua, wakasema yamekuwa uji.

Basi lenu lilifika saa nne kasoro. Nyote mmefunga vitambaa vya bluu, kama bata wa mtu mmoja. Koti la kahawia nililiona tangu kwenye matuta ya juu. Unatembea kama watu wa lami, unakanyaga kwanza ndipo unatazama. Nikasema moyoni, amenenepa, vizuri.

Mwongozaji, yule mwenye masharubu, akawasimamisha mbele yangu akaninyooshea fimbo. Akasema hapa mnamwona mwanamke wa milimani, anaishi vilevile kama enzi za Inka, umri wake miaka tisini. Mwenzako mwenye miwani akauliza kama nasikia Kihispania. Akajibiwa, kidogo sana. Akanipiga picha, halafu akanionyesha kwa mkono niinue kofia. Nikainua. Wewe ulikuwa nyuma yake umeshika mkoba kwa mikono miwili. Nikangoja. Hata jina langu tu lingetosha. Sikukasirika, nilikuwa naangalia, kama mtu anavyoangalia wingu kama litavuka mto au litarudi.

Wenzako wakasogea kutazama makaburi, wewe ukabaki. Ukasema, "Shikamoo dada." Nikasema marahaba. Nikajaza vikombe viwili, nikanywa changu, nikakupa chako. Ukakishika. Ukageuka ukamtazama mwongozaji. Halafu ukainama, ukamwaga. Si matone, Basilia. Ulimwaga chote, polepole, mpaka povu, ukanirudishia kikombe kitupu kwa mikono miwili, na adabu zako zote.

Mimi nilimmwagia Toribio hivyo. Niliwamwagia wanangu hivyo. Marehemu ndiye anayemwagiwa kikombe kizima, kwa kuwa hana koo. Aliye hai unakunywa naye, ardhi unaipa yake kidogo, basi. Kwa hiyo jibu nimelipata, na umelitoa kwa desturi ya kwetu, wala hukuhitaji mkalimani.

Nguo zangu nitamwachia Bibi Herminia azifanye matambara ya kufutia tanuri. Wengi wamekwenda wachafu, sitakuwa wa kwanza. Usijisumbue kujibu. Na yule wa miwani picha ikitoka, asiniletee.

Yule simbilisi dume nimemchinja. Alikuwa mgumu.

Saturnina Ccopa, kwa alama ya kidole


Arequipa, 4 Julai 1974

Dada,

Barua yako imekaa mezani siku nne kabla sijaweza kuijibu.

Naanza na kikombe. Mwaka jana kwenye arusi nilikunywa bilauri moja ya pombe ya mahindi, nikalazwa siku tatu na dripu mkononi. Daktari alisema mara ya pili sitaamka. Halafu siku ile asubuhi, hotelini Cusco, wawili kati yetu walikuwa wametapika, na mwongozaji akaapa kwamba atakayekula au kunywa chochote njiani atabaki ndani ya basi. Ndiyo maana nilimtazama. Kukurudishia kikombe kikiwa kimejaa nisingeweza, hilo nililikumbuka kuwa ni tusi. Nikaona nimpe Ardhi, yeye hakatai. Kwamba kikombe kizima ni cha marehemu nilisahau. Nilisahau kabisa, dada. Huku nakunywa na watu wanaogonganisha bilauri.

La mwongozaji halina dawa. Yule wa miwani ni Bi Clotilde, kiongozi wetu wa parokia. Miaka ishirini nimemwambia kwetu ni Cusco mjini, nyumba ya ghorofa. Mwongozaji aliposema tisini nilitaka kusema ni sabini na moja. Nikaushika mkoba kwa mikono miwili. Tukaenda Ollantaytambo, tukapandishwa zile ngazi zote, tukaonyeshwa mawe sita makubwa mekundu yaliyoletwa kutoka ng'ambo ya mto. Akasema mengine yako bado bondeni, hayakufika, na watu wa pale huyaita mawe yaliyochoka. Wenzangu wakaandika. Wingu likafunguka kidogo, theluji ya mlima ikaonekana, wakapiga makofi, na mimi nikapiga. Ukiniuliza ule mlima una umbo gani siwezi kukuambia.

Hayo ni yangu. Lakini na wewe unalo lako. Hukusimama. Miaka thelathini na tisa, nimekuja mpaka mbele yako, na hukusimama. Na swali langu la mama hujalijibu. Kwa nini hukuniita?

Basilia


Pisac, Jumapili 14 Julai 1974

Mdogo wangu,

Sikusimama kwa sababu ya goti. Nilikuandikia kwenye barua ya kwanza kabisa kwamba nikiketi naketi mpaka jioni. Lakini wewe husomi, unapitisha macho kama mtalii. Nilikuwa nimejipanga tangu saa moja asubuhi nisiketi, nikaegemea ukuta wa Wainka, nikachoka, nikaketi, na ninyi hao mkatokea. Ndiyo hivyo tu, hakuna kingine ndani yake.

La kikombe nimelisikia. Mtu anaweza kusahau. Bibi Herminia anasema yeye alisahau jina la mumewe siku ya mazishi, akamwita kwa jina la kaka yake, na watu wakatazamana. Anasema hilo nisiliandikishe. Ameliandika.

Sasa la mama. Nilikaa nalo mwaka mzima wa kwanza, baadaye likakaa lenyewe.

Sikukuita kwa hasira. Wewe uliondoka na mtu wa reli, mama akiwa tayari anakohoa damu, ukasema utarudi kabla ya kuvuna viazi. Siku tatu za mwisho alikuwa akiita jina lako. Mimi ndiye niliyekuwa namgeuza, namfuta, namlisha kwa kijiko, na jina linalotoka ni Basilia. Nikasema basi, na asijue. Sina maneno mazuri ya kulifunika.

Siku ya nane wakaja wanawake wa jumuiya, tukashuka mtoni. Unajua nguo huhesabiwa kabla hazijaingia majini, kwani marehemu naye anahesabu. Zilitakiwa ziwe kumi na moja, zikawa kumi. Shangazi Dominga akauliza, "Ile nyeusi yenye pindo la kijani iko wapi?" Nikasema ilikuwa imeoza, nimeichoma. Wakanitazama, wakafua.

Sikuichoma, Basilia. Usiku wa msiba niliificha chini ya samadi ya kuwashia moto, halafu nikaipeleka darini. Alizaa mabinti wawili, na nguo zake zilikuwa za mikono ya wawili. Mimi nilikuwa nimekunyima habari. Fungu lako la kufua nikashindwa kukunyima, mkono haukukubali. Nikasema nitamwekea, atarudi mwaka huu. Kisha nikasema mwaka ujao. Baadaye nikaona aibu kuitoa, maana wangesema Saturnina alidanganya mbele ya maji. Toribio alikufa bila kujua. Ipo, nimeitia majani ya kufukuza nondo. Mbele ina doa la mafuta ya kondoo, pale alipokuwa anafutia mikono.

Kwa hiyo mama hajaondoka. Miaka thelathini na minane maziwa yanaharibika nyumba hii, na Toribio alikuwa akimlaumu ng'ombe. Aliuza ng'ombe watatu wazima.

Zangu ziache. Sizungumzii zangu tena, sina uso wa kuziombea. Njoo ufue ya mama. Njoo Agosti, mwezi ambao ardhi hufunguka ikapokea sadaka. Pombe sitapika, kuna maji ya mfereji, tutakunywa hayo.

Bibi Herminia ananiuliza kama kweli haya ayaandike, kwani mji mzima utajua. Nimemwambia mji mzima ni yeye.

Dada yako Saturnina, kwa alama ya kidole


Pisac, Jumapili 11 Agosti 1974

Mwanangu Nélida,

Mimi ni Saturnina, mama yako mkubwa. Hatujaonana. Mwandiko ni wa mama yako, usishtuke, yuko mzima, mimi nasema na yeye anaandika. Bibi Herminia amekasirika kwamba tumempokonya kazi, ametuma mkate mmoja tu.

Mama yako alifika Jumamosi ya wiki iliyopita kwa lori la sufu, amekaa juu ya mizigo, na koti lake la kahawia sasa ni jeupe. Jumanne tulishuka mtoni. Mimi nilipanda punda, yeye alitembea. Alivua viatu na soksi, akaingia mpaka magotini, na mto wetu Agosti ni barafu iliyoyeyushwa. Niliogopa miguu yake, wenye kisukari miguu yao si ya kuchezea. Nikamwambia tumbukiza mara tatu, inatosha. Hakunisikia, au alijifanya. Alifua kwa ile mizizi ya povu kuanzia jua linatoka mpaka limefika kichwani. Doa halikutoka. Lilififia, lakini ukijua lilipo unaliona. Akaniuliza, "Nafanyaje?" Nikamwambia hilo ni la mama mwenyewe, si uchafu.

Tuliianika juu ya jiwe, tukala viazi na jibini. Siku ya kufua watu hawalii, wanakula na kutaniana. Nilimwambia ana mapaja meupe kama ya kasisi. Yeye aliniambia kitu ambacho amekataa kukiandika. Ilipokauka tukaichoma, kwani nguo ya miaka hiyo haivaliki, na moshi ulikwenda moja kwa moja upande wa mlima. Labda ni upepo tu. Mchana upepo huwa unakwenda huko.

Tiketi yake ya treni ilikuwa ya tarehe kumi na tano. Anasema nikuambie hatakuja nayo, atakaa mpaka tuwapikie wafu mwezi wa kumi na moja, halafu ataona. Umtumie dawa na soksi nene. Sikumwomba, mwanangu, nataka ujue. Tangu amefika, habari ya nguo zangu sijaitaja.

Ila jana aliniambia nizitoe. Nilikuwa namenya maharagwe, nikajifanya sisikii, akarudia. Nikazitoa, nikazitandaza zote kwenye ngozi ya kondoo hapa uani, na sasa anaziandika kwenye karatasi nyingine pembeni ya hii, ndiyo maana mistari yake imepinda. Kofia mbili. Shali tatu, moja ya arusi. Blauzi tano. Sketi nne.

Anasema ile ya nne imekwisha, ni nyuzi, haihesabiki. Nimemwambia andika.

Anasema, "Dada, hii ikiingia majini inayeyuka."

Nimemwambia basi na iyeyukie mikononi mwako, uandike.

Ameandika.

Mama yako mkubwa,
Saturnina Ccopa, kwa alama ya kidole